TUSIUZE MTI TUKANUNUE KIVULI

Mwaka 1833 merikebu iitwayo Tuscany iling'oa nanga katika bandari ya Boston, huko Marekani, ikashika njia ya Calcutta, Bara Hindi. Shehena yake haikuwa nguo wala baruti, bali barafu: kiasi cha tani 180 za barafu iliyokatwa katika maziwa yaliyoganda wakati wa baridi. Safari ilichukua miezi minne, na mstari wa ikweta ulivukwa mara mbili. Merikebu ilipotia nanga, tani zipatazo 100 zilikuwa zingali barafu ngumu, nazo zikauzwa.

Frederic Tudor, mwenye biashara ile, hakuwa na mtambo wa baridi wala hakuwa na uganga. Biashara ya barafu ya Boston ilitegemea kitu kimoja duni ambacho wenye viwanda vya kupasulia mbao walikuwa wakikiona kuwa ni takataka tu, nacho ni vumbi la mbao. Barafu iliyofunikwa vema kwa vumbi hilo haikufikiwa na joto upesi. Hivyo takataka ikapata bei, na aliyeitambua kazi yake akatajirika.

Twaianza habari yetu kwa kisa hiki kwa kuwa kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mti wajua kuzuia joto tangu ulipoumbwa. La pili ni kwamba faida haimwendei mwenye kitu, bali humwendea ajuaye kitu hicho chafaa nini. Leo, karibu miaka 200 baada ya safari ile, wataalamu wa Marekani, Uswidi na Japani wameurudia mti ule ule, wakautoa ndani yake kitu chepesi mno kiitwacho erojeli ya mbao. Yafaa wanachama na wafanyakazi wa nchi yetu wakijue kitu hicho ni nini, chafanywaje, na kwa nini kinatuhusu.

JOTO NI ADUI WA NANI?

Pengine yuko atakayesema kwamba mambo ya kuzuia joto ni ya watu wa Ulaya, wanaoogopa theluji. Asemaye hivyo na aingie saa nane mchana katika chumba kilichoezekwa kwa bati tupu, kisicho na dari, akae humo na mtoto mgonjwa. Na amwulize mvuvi ambaye barafu yake imeyeyuka kabla samaki hawajafika mnadani. Tena amwulize mganga wa zahanati ya kijijini, ambaye chanjo zake zote hutegemea kasha moja la baridi lisilopitisha joto. Wote hao watamwambia ya kuwa joto ni adui wa maskini kuliko wa tajiri, kwa maana tajiri hununua mashine ya kupoza hewa na kulipa umeme wake, naye maskini hulipa kwa jasho, kwa samaki walioharibika na kwa afya ya watoto.

Duniani kote, kiasi cha sehemu 3 katika 10 za nishati itumiwayo na wanadamu huishia katika majengo. Sehemu kubwa ya nishati hiyo ni ya kupasha vyumba moto au kuvipoza. Kwa hiyo ukuta mmoja uzuiao joto vema huokoa makaa, mafuta na umeme kila siku ya maisha yake, wala haudai mshahara.

HEWA ILIYOFUNGWA

Sasa tueleze jambo lenyewe. Blanketi halina moto ndani yake. Mtu hupata joto chini ya blanketi kwa sababu nyuzi zake zimeikamata hewa na kuizuia isitembee. Hewa iliyotulia ni mpitishaji mbaya wa joto, na ubaya wake huo ndio wema wake kwetu. Wataalamu huupima upitishaji wa joto kwa wati katika kila mita kwa kila digrii moja. Namba ikiwa ndogo, joto hupita kwa shida. Chuma cha pua na chuma cha kawaida huhesabiwa kwa makumi. Zege lina kiasi cha wati 1 au zaidi. Ubao wa kawaida, joto likiupita kwa upana wake, una kiasi cha 0.1 mpaka 0.2. Povu la plastiki jeupe, lile linalofungia televisheni mpya katika makasha, lina kiasi cha 0.03 mpaka 0.04. Hewa iliyotulia ina kiasi cha 0.026.

Kwa nini ubao hushinda zege? Ukiukata mti na kuutazama kwa darubini, waona kwamba si kitu kizima kama jiwe. Ni mafungu ya mirija myembamba iliyosimama bega kwa bega, ambayo mti ulipokuwa hai ilikuwa ikipandisha maji kutoka mizizini. Maji yakiisha kukauka, mirija hubaki na hewa. Kuta za mirija hiyo zimejengwa kwa vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza ni selulosi, ambayo ilitambuliwa na Mfaransa Anselme Payen mwaka 1838; nayo ni kama nondo katika zege. Cha pili ni hemiselulosi, iliyo kama waya wa kufungia. Cha tatu ni lignini, ambayo ni kama saruji yenyewe, huzishika nyuzi zote zikawa kitu kimoja kigumu.

Wazo la wataalamu ni jepesi kulisema: iondoe saruji, zibakize nondo, na mahali pa saruji iingie hewa. Kulitenda ndiyo kazi.

Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1931 Mmarekani Samuel Kistler alitangaza kwamba ameweza kuyaondoa maji yote katika rojo bila rojo hiyo kusinyaa. Kila mpishi ajua kwamba uji ukiachwa sufuriani hukauka, ukanywea na kupasuka. Sababu yake ni kwamba maji yanapotoka huzivuta kuta za vitundu vidogo vilivyomo, zikaangukiana. Kistler aliyabadili maji kwa pombe kali, akaitia rojo katika chungu cha chuma kilichofungwa, akakipasha moto chini ya kani kubwa mpaka ile pombe haikuwa tena maji wala mvuke wa kawaida, ndipo akaiachilia itoke polepole. Kilichobaki kilikuwa umbo lile lile la rojo, lakini limejaa hewa. Akakiita erojeli. Iliyopata sifa zaidi ni ile ya silika, yaani kitu cha jamii ya mchanga, ambayo baadaye Wamarekani waliipeleka mpaka anga za juu; chombo chao Stardust, kilichorushwa mwaka 1999, kilinasa ndani yake vumbi la nyota yenye mkia na kulirudisha duniani mwaka 2006. Lakini erojeli ya silika ina kasoro kubwa: ni dhaifu, huvunjika kama kaki ya biskuti. Hapo ndipo mti ulipoitwa tena kazini.

NJIA MBILI ZA KAZI

Ziko njia mbili za kuufanya mti uwe erojeli.

Njia ya kwanza ni kuusaga mti na kuujenga upya. Majimaji ya mbao, yale yale yafanyiwayo karatasi, hutiwa dawa na kupigwa mpaka nyuzi zake zipasuke na kuwa nyuzi ndogo kabisa, ambazo upana wake ni nanomita 3 au 4. Na nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Wataalamu watatu wa Kijapani, Akira Isogai, Tsuguyuki Saito na Yoshiharu Nishiyama, walitunukiwa tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2015 kwa sababu waligundua njia ya kuzitenganisha nyuzi hizo bila kutumia nguvu nyingi. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tokyo walikwisha kuonyesha erojeli ya nyuzi hizo ambayo mtu aweza kuona upande wa pili, na upitishaji wake wa joto ni 0.018, chini ya ule wa hewa yenyewe.

Msomaji atauliza: kitu kilichojaa hewa chawezaje kuishinda hewa? Jibu ni kwamba chembe za hewa hubeba joto kwa kugongana. Chembe moja husafiri kiasi cha nanomita 70 kabla ya kugonga mwenziwe. Ukiifungia katika kitundu kidogo kuliko mwendo huo, hugonga ukuta kabla ya kugonga mwenziwe, na mzigo wake wa joto haupati wa kupokea. Ni kama wapagazi waliopangwa mstari ili wapokezane ndoo: ukimfungia kila mmoja katika chumba chake, ndoo haiendi.

Njia ya pili ni kutousaga mti hata kidogo. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, wakiongozwa na Liangbing Hu, walichukua ubao wa mti laini uitwao basswood, wakauchemsha katika magadi makali yaliyochanganywa na chumvi ya salfaiti ili kuitoa lignini, wakausafisha kwa dawa ya kung'arisha, kisha wakaugandisha na kuukausha katika chombo kisicho na hewa, ili barafu iwe mvuke bila kupitia maji. Ubao ukatoka mweupe kama pamba, mwepesi, lakini mirija yake yote ingali imesimama kama mti ulivyoiota. Joto likijaribu kuuvuka kwa upana, hupata 0.03, likifuata urefu wa mirija, hupata 0.06. Maana yake ni kwamba joto likiupiga ubao huo mahali pamoja, huenea pembeni kufuata nyuzi kuliko kupenya kwenda ndani. Tena weupe wake huurudisha mwanga wa jua kwa zaidi ya sehemu 95 katika 100. Na ukibanwa kwa kufuata nyuzi hustahimili uzito mkubwa, jambo ambalo povu la plastiki haliwezi.

Tuwe wakweli lakini. Namba ile ya 0.03 si muujiza. Povu la plastiki linaikaribia. Sifa ya ubao huu ni kwamba umezikusanya sifa kadha pamoja: wazuia joto, una nguvu, hautoki katika mafuta ya petroli, na siku ukitupwa, udongo waupokea.

MAMBO MATATU YA KUULIZA

Chama cha wafanyakazi hakiamini kitu kwa sababu kimeandikwa na maprofesa. Hukipima. Nasi twaona ziko hoja tatu ambazo hazina budi kujibiwa kabla ya mtu yeyote kutuletea kitu hiki akitaka tukijengee nyumba.

Hoja ya kwanza ni gharama. Kukausha kwa kugandisha kunahitaji mitambo ya baridi, pampu za kuondoa hewa, na saa nyingi za umeme. Njia ya Kistler inahitaji vyungu vya chuma vistahimilivyo kani kubwa. Kitu kiokoacho umeme ukutani, lakini kikala umeme mwingi zaidi kiwandani, hakijaokoa chochote. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi mbalimbali sasa wanatafuta njia ya kukausha kwa hewa ya kawaida, bila mitambo hiyo. Siku kazi hiyo itakapokamilika, ndiyo siku ambayo erojeli ya mbao itatoka maabara ikaingia sokoni kwa bei ya watu.

Hoja ya pili ni maji. Selulosi hupenda maji. Ndiyo sababu kitambaa cha pamba hufaa kufutia. Erojeli ya selulosi isiyotiwa dawa ya kukataa maji itakunywa unyevu wa Tanga au wa Mombasa, na hewa yote iliyofungwa humo itakuwa imepata mgeni mpitisha joto. Kitu kilichofaulu katika maabara yenye hewa kavu hakijafaulu pwani yetu mpaka kipimwe pwani yetu.

Hoja ya tatu ni moto na mapafu, na hapa twaomba tusikilizwe kwa makini, kwa maana hapa yamo maisha ya watu.

Usiku wa tarehe 14 Juni, 2017, ghorofa iitwayo Grenfell Tower, mjini London, iliwaka moto. Jengo lile lilikuwa na ghorofa 24, na wengi wa waliokaa humo walikuwa watu wa kipato kidogo, na wengine wao walikuwa wametoka nchi za Afrika. Siku za nyuma kuta zake za nje zilikuwa zimevikwa vibao vyenye plastiki ndani, na chini yake povu la kuzuia joto. Mavazi yale yaliupandisha moto ukutani kama utambi. Watu 72 walikufa. Taarifa ya mwisho ya uchunguzi wa serikali, iliyotolewa Septemba 2024, ilisema wazi kwamba waliotengeneza na kuuza vitu vile walifanya udanganyifu kuhusu vipimo vya moto. Huo ndio mwisho wa kuzuia joto bila kuuliza maswali.

Mbao nazo huwaka, na nyuzi za selulosi hukamata moto. Wataalamu wanalijua jambo hilo. Mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Stockholm na wenzao walitangaza povu jepesi la selulosi ya mbao lililochanganywa na grafini iliyooksidishwa, udongo wa sepiolaiti na asidi ya boriki. Nalo liliustahimili moto vema, huku upitishaji wake wa joto ukiwa 0.015 kwa upande wa mapana. Basi njia ipo. Lakini kujua njia si kuipita. Serikali yoyote ya wananchi haina budi kuyapima mavazi ya nyumba kwa moto wake yenyewe, isiridhike na cheti cha muuzaji.

Na kuhusu mapafu, tukumbuke asbesto. Ilisifiwa karne nzima kwa kuzuia joto na moto. Ikafungwa katika mabomba, katika meli, katika mabweni ya reli, ikaezekewa nyumba. Vumbi lake likawaingia wafanyakazi vifuani, likakaa kimya miaka 20, miaka 30, kisha likawaua kwa saratani. Wauzaji hawakuwa wakivuta vumbi hilo. Waliokuwa wakilivuta ni fundi na kibarua. Kwa hiyo kila nyuzi mpya, hata ikiwa imetoka katika mti usio na hatia, na ichunguzwe kwanza katika chumba cha mfanyakazi anayeikata, si katika chumba cha tajiri anayeinunua.

NASI TUMO WAPI?

Sasa twafika mahali ambapo habari hii yatugusa sisi wenyewe. Hatua ya kwanza ya kazi yote tuliyoieleza, yaani kuchemsha mbao katika magadi makali ili lignini itoke na selulosi ibaki, si ngeni hapa nchini. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilaya ya Mufindi, kilichoanza kazi mwaka 1985, kilijengwa kwa kazi hiyo hiyo. Misonobari na mikaratusi ya shamba la Sao Hill ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Wapo basi katika nchi hii mafundi wanaoijua harufu ya kazi hiyo, ukali wa dawa zake, na tabia ya mti ukiwa katika chungu. Nusu ya kwanza ya njia tumekwisha kuikanyaga. Inayobaki ni nusu ya pili, na nusu hiyo ni elimu.

Tunalo pia somo la mkonge, lililotugharimu sana. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikawa mbele ya nchi zote duniani. Tulikuwa tukiuza singa. Kamba, mazulia na mengine mengi yakafanywa kwingine. Kisha wakemia wa nchi za viwanda wakafanya kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba yakageuka vichaka. Hata kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tukivuna kiasi cha sehemu moja tu katika 10 za mavuno yale. Anayeuza singa tu hana silaha siku singa ya bandia inapoingia sokoni. Na mkonge wenyewe sehemu yake kubwa ni selulosi, ile ile ambayo leo ulimwengu waitafuta ili kuikimbia plastiki! Gurudumu limezunguka. Je, mara hii tutakuwa wapi?

Hatusemi kwamba kesho tujenge kiwanda cha erojeli. Kusema hivyo ni kujidanganya, na chama hakijengwi kwa maneno matamu. Twasema mambo ambayo yako katika uwezo wetu. Vyuo vyetu vikuu na vituo vya utafiti wa misitu vipime miti yetu na mkonge wetu kwa kazi hii, kwa joto na unyevu wa hapa. Mafundi wa Mgololo wasiachwe wazeeke na ujuzi wao. Vijana wa vyuo vya ufundi wapelekwe wakae chini yao wajifunze. Viwanda vya mbao viache kuchoma vumbi lao ovyo, kwa maana hata bila mitambo ya Marekani, dari iliyojazwa vumbi kavu la mbao lililotiwa dawa ya boriki ya kuzuia wadudu na moto ni bora mara nyingi kuliko bati tupu. Na vyama vya wafanyakazi vidai, tangu sasa, kwamba kila kitu kipya cha ujenzi kipimwe kwa moto na kwa vumbi kabla ya kuingia nyumbani mwa mwananchi.

Mti huegemewa na wenye nao. Lakini nyakati hizi kuwa na mti peke yake hakutoshi. Tukikaa tukiuza magogo, tutaona siku moja gogo letu likirudi bandarini limegeuka ubao mweupe, mwepesi kama pamba, lenye bei mara mia, nasi tutaununua ili tujikinge na jua letu wenyewe. Hapo tutakuwa tumeuza mti, tukanunua kivuli chake.

Tudor alilitazama vumbi la mbao, takataka ya wenzake, akaona fedha. Sisi tunalo vumbi, tunayo miti, tunao mkonge na tunayo mikono. Lililobaki ni kuvitazama vitu vyetu kwa macho ya mtu anayeijua kazi, na kuanza.